Mimba Haingoji Arobaini

Leo kona yetu ina swali moja, ila limenifikia kwa midomo mingi: aliyejifungua juzi, anayetarajia mwezi ujao, hata mama mkwe mmoja aliyetaka kujua kama anamshauri vizuri mke wa mwanawe. Ukiliondolea maneno ya pembeni linabaki hivi: nimejifungua, mtoto ananyonya, siku zangu sijaziona, na nyumbani wanasema nitoke kwanza arobaini ndipo nifikirie uzazi wa mpango. Dada, haraka ya nini?

Haraka ipo, mdogo wangu. Tena ilitakiwa ianze ukiwa bado na tumbo. Lakini kabla sijakuhubiria, ngoja nijianike mwenyewe, maana dada anayeficha lake hana haki ya kuuliza la mwenzake.

Mtoto wangu wa kwanza nilijifungulia kituo cha afya, huko kwetu vijijini Handeni. Ulikuwa mwezi wa tatu na masika yalikuwa yameshaanza. Nesi wa zamu alinihudumia kwa mikono miwili, sina neno naye. Asubuhi aliponiruhusu akanikabidhi kadi na kauli moja: mambo ya uzazi wa mpango, rudi wiki ya sita. Nikaitikia, nikafungasha kanga zangu, nikapanda pikipiki.

Sasa sikiliza hiyo wiki ya sita ilivyokwenda. Toka kwetu hadi kituoni ni saa nzima kwa bodaboda barabara ikiwa kavu. Masika, nauli inapanda mara mbili, na mkifika korongoni dereva anakushusha uvuke kwa miguu na mtoto mgongoni. Wiki ya sita korongo lilikuwa limejaa. Chanjo ya wiki hiyo mtoto alikuja kuipata baadaye, siku ya huduma ya mkoba, kwenye foleni ndefu chini ya mwembe, na hakuna aliyeniuliza habari zangu mimi. Baada ya hapo palizi ikaingia. Mtoto alipofikisha miezi minne akaanza kulia usiku, nikaambiwa maziwa hayamtoshi, nikamkorogea uji mwepesi. Na kila nikikumbuka ile kauli ya nesi najijibu: si nanyonyesha? Si sijaona siku?

Alipotimiza miezi 9 nikampeleka chanjo ya surua. Wakamvisha ile kaptula ya mizani, wakamning'iniza, anarusha miguu huku analia, sisi mama zake tunacheka. Nesi akatazama mshale, akatazama kadi, akatazama mshale tena. Uzito ulikuwa umeshuka. Halafu akanigeukia mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini siku zangu niliziona lini mara ya mwisho.

Sikuwa nimeziona tangu nijifungue. Na tumboni tayari kulikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Kwa hiyo watoto wangu wawili wa kwanza wamepishana miezi 15. Wazima, namshukuru Mungu, na leo wanagombania viatu kama pacha. Ila ule mwaka mimi ndiye niliyeubeba, na huyo mkubwa aliubeba zaidi yangu, maana titi alilinyang'anywa kabla hajajua kutembea.

Nilikosea wapi? Nilidhani damu ya mwezi ndiyo mlinzi wa getini: isipopita, basi na mimba haiwezi kupita. Kumbe mwili unafanya kinyume. Yai ndilo linalotangulia kupevuka, damu inakuja wiki mbili baadaye kama yai halikupata mwenzake. Yai hilo la kwanza halipigi hodi. Ukikutana na mume siku za yai hilo, unashika mimba bila kuona hata tone. Kwa mama asiyenyonyesha, yai linaweza kurudi ndani ya mwezi wa kwanza, arobaini haijafika. Anayenyonyesha hucheleweshewa, ila acheleweshwe kwa muda gani inategemea ananyonyesha vipi.

Hapo ndipo wengi tunapoangukia, kwa hiyo tuende polepole.

Kunyonyesha kunazuia mimba kweli, wazee hawakutudanganya. Kila mtoto anapovuta titi, ubongo wa mama unapata habari na unazuia homoni zinazopevusha yai. Ila njia hii ina masharti matatu, na yote lazima yawepo kwa pamoja. La kwanza, mtoto awe hajafikisha miezi 6. La pili, ale maziwa yako peke yake, mchana na usiku, yasipite masaa 4 mchana wala masaa 6 usiku bila kunyonya. La tatu, uwe hujaona siku tangu damu ya uzazi ilipokatika. Ukiyashika yote, katika akina mama 100 hawafiki 2 watakaoshika mimba ndani ya hiyo miezi sita. Ukivunja moja, umebaki bila kinga siku hiyohiyo. Mimi niliuvunja ukuta kwa kikombe cha uji, na sikujua kama nilikuwa na ukuta.

Ndiyo maana nasema usikae ukasubiri sharti livunjike ndipo uanze kutafuta nauli. Njia nyingine iwe imeshakaa tayari.

Najua kuna mtu huko anasema: dada, bibi zetu hawakuwa na sindano wala vijiti, na watoto wao walipishana vizuri. Kweli. Lakini bibi zetu walikuwa na utaratibu, na sisi tumeubomoa bila kujenga mwingine. Mzazi alirudi kwa mama yake, akalala na mama yake, na mume akajua hasogei. Aliyesogea aliambiwa anambemenda mtoto. Neno hilo lilitisha. Mtoto akidhoofu, nywele zikawa nyepesi na tumbo likavimba, kijiji kizima kinanong'ona: huyo amebemendwa.

Tuwe wakweli hapa. Tendo la ndoa haliharibu maziwa, na mbegu za mume haziingii kwenye titi. Damu ikishakatika na kidonda kikapona, kukutana na mumeo hakumdhuru mtoto. Lakini wazee waliona kitu cha kweli, wakakipa sababu yao. Mama akishika mimba haraka, anamwachisha mtoto kabla ya wakati, na mtoto wa kijijini aliyeachishwa mapema anaangukia kwenye uji usio na maziwa wala karanga. Anadhoofu kweli. Na si sisi tu tulioliona hilo. Kule Ghana, Waga wa Accra walikuwa na jina la ugonjwa unaompata mtoto mkubwa pale mdogo wake anapokuja. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alilisikia kwa akina mama wa huko akaliandika kwenye jarida la kitabibu mwaka 1935, na dunia nzima ikalichukua. Ndiyo hii kwashakoo tunayoisoma ukutani zahanati. Kwa hiyo ukiambiwa unambemenda mtoto, usibishane na bibi. Mwambie: bibi, ndiyo sababu nimekwenda kupanga uzazi, nisimbemende.

Na kupisha kwenyewe ni kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Ukijumlisha ile tisa ya kubeba, watoto wanapishana miaka karibu mitatu: mkubwa anatembea, anaongea, anaweza kumletea mdogo wake kanga. Aliyeharibikiwa na mimba anashauriwa angalau miezi 6.

Haya, sasa nifunge mkaja tuseme habari ya njia zenyewe. Sitakupangia moja, hiyo ni kazi yako na mtoa huduma atakayekupima. Nitakupangia kwa muda, kwa sababu kijijini muda ndio unaotushinda.

Kwanza, kabla hujatoka wodini. Hapa ndipo wengi hatujui kama kuna kitu. Takwimu za afya za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba hapa Tanzania, katika watoto 100 wanaozaliwa, 81 wanazaliwa kwenye kituo cha huduma. Lakini katika wanawake 100 walio kwenye ndoa, wanaotumia njia za kisasa ni 31. Maana yake wengi wetu tunafika mlangoni, tunalala humohumo, tunaondoka mikono mitupu na tunaambiwa turudi. Wakati siku hiyo ndiyo nauli imeshalipwa na nesi yuko mbele yako!

Ukiwa bado wodini unaweza kuwekewa kijiti, kile kipandikizi cha mkononi. Ni sindano ya ganzi na dakika chache, kazi imeisha. Kuna cha miaka 3 na kuna vya miaka 5, inategemea aina. Hakipunguzi maziwa. Unaweza pia kuwekewa kitanzi cha shaba, kile wengine wanakiita lupu, mara tu kondo la nyuma linapotoka au ndani ya masaa 48. Hakina homoni kabisa na kinaweza kukaa hadi miaka 12. Kikiwekwa siku hizo za mwanzo kina uwezekano zaidi wa kutoka chenyewe, kwa hiyo rudi kikaangaliwe. Masaa 48 yakipita, subiri wiki 4. Na aliyemaliza kuzaa, kwa uamuzi wake mwenyewe wala si wa kusukumwa, anaweza kufunga kizazi ndani ya siku 7, au asubiri hadi wiki 6 zipite.

Pili, wiki ya sita. Mtoto ana chanjo siku hiyo, na atarudi wiki ya 10 na ya 14. Hizo ni safari tatu ulizokwisha kuzipanga kwa ajili yake. Jibebe na wewe humohumo. Anayenyonyesha anaanza sindano ya miezi mitatu kuanzia wiki hii. Vidonge vya majira vipo vya aina mbili, na tofauti yake ni kubwa: vyenye homoni moja vinamfaa anayenyonyesha, tena hata kabla ya wiki ya sita; vyenye homoni mbili vinasubiri mtoto afikishe miezi 6, kwa sababu vinaweza kupunguza maziwa. Kwa hiyo usiazime kidonge kwa wifi yako. Chake chaweza kuwa kile kingine.

Tatu, wakati wowote: kondomu. Ndiyo pekee inayozuia mimba na magonjwa kwa pamoja, na mume akiwa mtu wa safari, mwenzangu, unanielewa. Na mume aliyeridhika na idadi ya watoto naye anaweza kufungwa kizazi. Upasuaji wake ni mdogo kuliko wa mwanamke, nguvu zake zinabaki palepale, ila atumie kondomu kwa miezi 3 ya kwanza hadi mbegu zilizobaki ziishe.

Jambo moja usilifiche chumbani kwa nesi: dawa unazotumia. Baadhi ya dawa za kifua kikuu na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zinapunguza nguvu ya vijiti na vidonge. Nesi akijua atakutafutia njia inayoelewana nazo.

Kuna na mdogo wangu mwingine, huyu sauti yake ni ya chini. Aliyejifungua na mtoto hakukaa. Pole sana, mama. Wewe hunyonyeshi, kwa hiyo mwili wako unaweza kurudi haraka hata kama moyo bado uko kaburini. Watu watakuambia ubebe mwingine upesi usahau. Huna deni la kumlipa mtu. Una haki ya kupumzika kwa njia unayoitaka, na siku ukiwa tayari unaiacha.

Twende kwenye maneno ya kisimani, maana hayo ndiyo yanayowatoa watu foleni. Kijiti hakitembei mpaka kwenye moyo. Kinakaa chini ya ngozi ya mkono, na ukikipapasa unakisikia kama njiti ya kiberiti. Kitanzi hakizunguki tumboni wala hakimng'ang'anii mtoto. Vidonge havirundikani tumboni vikawa uvimbe.

Lakini sitakudanganya kwa kukufurahisha. Sindano na kijiti vinavuruga hedhi. Mmoja anatoka matone kila mara, mwingine anakaa miezi haoni kitu. Usipoambiwa mapema utadhani umelogwa. Ukiambiwa, utajua ni mwili unazoea. Damu ikiwa nyingi, rudi, kuna msaada. Na ukiacha sindano mimba inaweza kuchelewa, kwa wengi miezi kadhaa, pengine hata mwaka. Haijaua kizazi. Ila kama unataka mtoto mwakani, hilo uliseme siku unapochagua.

Sasa nyumbani. Mume ukiweza mshirikishe, na mshirikishe mapema, wakati anakusindikiza kliniki ya wajawazito, siyo usiku ule anaposogea. Wanaume wengi hawakatai mpango, wanakataa kushtukizwa. Mwambie kwa lugha ya shamba: hata mahindi ukiyabananisha hayabebi. Mama mkwe naye usimfanye adui. Yeye ndiye atakayekushikia mtoto siku unapokwenda. Lakini lijue hili: mwili ni wako, na mtoa huduma hapaswi kukudai barua ya mume ndipo akupe njia.

Nalisema kwa sababu yalimpata mdogo wangu wa tumbo moja, kwenye kituo ambacho sitakitaja. Alikwenda na mtoto wa wiki sita, akaambiwa aje na mumewe. Mumewe yuko machimboni, harudi hadi mwisho wa mwaka. Akarudi nyumbani. Miaka miwili baadaye, alipokuwa na kijiti alichopata kwingineko na akataka kukitoa, akaambiwa bado kina mwaka mmoja, asipoteze mali ya serikali. Mara ya kwanza alinyimwa kuingia, mara ya pili akanyimwa kutoka. Mwenyewe anasema ni kama mlango ule haukuwa na mpini upande wake.

Huo sio uzazi wa mpango, mdogo wangu. Kupanga ni pamoja na kukataa, na ni pamoja na kubadili mawazo. Asikuwekee mtu kitu ukiwa kwenye uchungu na hujaambiwa habari zake kabla. Ndiyo sababu nakuhimiza mazungumzo haya yafanyike kliniki wakati wa mimba, akili imetulia, siyo leba unapoita jina la mama yako. Na siku ukitaka kutolewa, utolewe, iwe mwezi wa pili au mwaka wa pili. Ukikataliwa, omba kuonana na mganga mfawidhi. Ukishindwa, mwone mhudumu wa afya wa kijiji akusindikize. Ukienda wawili, maneno yanakuwa na uzito mwingine.

Na kama jibu ni kwamba vifaa vimeisha, maana huko kwetu huisha, usiondoke na hilo jibu peke yake. Uliza mambo matatu: vinakuja lini, zahanati gani ya jirani inavyo, na mimi nitumie nini mpaka siku hiyo. Hili la tatu ndilo watu wanalisahau, na mimba huingia kwenye hilo pengo. Uliza pia siku ya huduma ya mkoba. Vituo vya serikali havitozi hela kwa uzazi wa mpango, kwa hiyo anayekutajia bei ya kijiti, mwombe na stakabadhi uone atakavyokutazama.

Nyie mnaojifungulia nyumbani kwa mkunga wa jadi, msinifunge mdomo mkidhani nawasema. Najua mvua, najua giza. Ila mkunga huyohuyo aliyekukanda ana mguu wa kukusindikiza zahanati ndani ya siku chache mtoto akapate chanjo ya kwanza. Siku hiyo uliza na lako.

Mimi niliuliza mara ya pili. Tumbo la mtoto wa pili likiwa na miezi saba nilimwambia nesi, yuleyule wa mizani, kwamba safari hii sitaki wiki ya sita, nataka kabla sijavaa viatu vyangu. Akacheka. Akachukua kalamu, akaniambia geuza kadi, akaandika nyuma yake neno moja: kijiti. Usiku niliojifungua zamu ilikuwa ya mwingine kabisa, hanijui simjui, na mimi hoi sina hata nguvu ya kuomba maji. Akaichukua kadi yangu kuandika uzito wa mtoto, akaigeuza, akasoma. Asubuhi akaja na kisahani chenye pamba na sindano ya ganzi, akauliza, "Mama, bado unakitaka hiki?"

Nikamnyooshea mkono.

Wewe uliye na tumbo sasa hivi, kadi yako iko wapi? Kaitoe kwenye ule mfuko wa plastiki unaoifungia. Kliniki ijayo uliza, chagua, kisha mwombe nesi aandike nyuma. Na ukibadili mawazo, mwambie afute.

Dada yenu.